Chembe za Henrietta Lacks

Leo tunaacha kidogo mambo ya lishe, tuzungumze juu ya ridhaa, yaani kukubali jambo baada ya kuelezwa na kuelewa. Kisa chenyewe ni cha Marekani, mwaka 1951.

Mwaka huo mama mweusi wa watoto watano, Henrietta Lacks, alifika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, akisema anasikia uvimbe ndani ya tumbo na anavuja damu. Ilikuwa miongoni mwa hospitali chache za eneo hilo zilizowatibu watu weusi, tena katika wodi zao peke yao. Alikutwa na saratani ya mlango wa kizazi. Akatia sahihi karatasi ya kukubali matibabu. Kabla ya kuanza tiba, daktari alikata vipande viwili vidogo, kimoja penye saratani na kingine penye uzima, vikapelekwa maabara ya Dkt. George Gey. Hapo ndipo penye neno. Karatasi ile ilihusu matibabu. Habari ya utafiti hakuulizwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi siku hizo.

Henrietta alifariki Oktoba 4, 1951, akiwa na miaka 31. Chembe zake hazikufa. Za wagonjwa wengine zilikuwa zikifa upesi maabarani. Zake ziliongezeka maradufu karibu kila siku. Zikaitwa HeLa, zikatumiwa kujaribia chanjo ya polio ya Jonas Salk, zikasambazwa duniani, hata zikauzwa. Jamaa zake hawakujua lolote kwa zaidi ya miaka 20. Katika miaka ya 1970 watafiti waliwaendea wanawe kuchukua damu, na bintiye Deborah akadhani anapimwa saratani iliyomwua mamaye. Kumbe walitaka tu kuzitambua chembe za HeLa zilipochanganyika na nyingine. Hebu fikiria kungoja majibu ya namna hiyo!

Damu ile ilikuwa na jeni, yale maagizo ya mwili ambayo mtoto hurithi kwa mama na baba. Kwa hiyo anayesoma jeni za mtu husoma pia habari za wanawe na wajukuu wake. Machi 2013 watafiti wa Ulaya walichapisha ramani ya jeni za HeLa bila kuiuliza familia. Familia ikalalamika, na Agosti mwaka huo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikakubali wawakilishi wake wakae katika kamati inayopitia maombi ya kuisoma. Mwaka 2023 familia ilipatana nje ya mahakama na kampuni moja iliyouza chembe hizo. Kiasi cha fedha hakikutangazwa.

Sikusimulii haya ili ukimbie vipimo, mama. Katika chembe hizo hizo walikutwa virusi vya HPV aina ya 18, na ujuzi juu ya virusi hivyo ndio uliozaa chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019. Kapimwe mlango wa kizazi.

Hapa kwetu, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka uelezwe kwa lugha unayoielewa, na inakupa haki ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inahesabu habari za jeni kuwa nyeti. Kwa hiyo mtoto akichomwa kisigino na damu kudondoshewa kwenye kadi, uliza: hii ni ya kumpima mtoto wangu tu, au pia ni ya utafiti? Ikibaki itawekwa wapi? Kama ni utafiti, kuna fomu yake mbali na ile ya matibabu. Usipoweza kusoma, omba usomewe polepole, hata mara mbili. Ukiikataa fomu ya utafiti, mtoto ataendelea kutibiwa vilevile.