Bahasha na Barua: Posta ya Vita katika Historia ya Kiswahili cha Isiolo

Mkusanyaji wa posta ya vita huanzia kwenye muhuri. Bahasha ya askari aliyekuwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1941 kwa kawaida haitaji Isiolo, wala Garba Tulla, wala Kinna. Hutaja namba ya posta ya jeshi, kwani adui hakutakiwa kujua kikosi kilipo. Mkusanyaji hulinganisha namba, tarehe na mienendo ya vikosi mpaka mahali pafichuke. Ni kazi ya subira, na wanaisimu wasiidharau.

Malighafi yake katika Afrika ya Mashariki si haba. Vita Vikuu vya Kwanza viliacha stempu za Wajerumani zilizopigwa chapa ya Waingereza huko Mafia, kisiwa kilichotekwa Januari 1915, na zile za Afrika ya Mashariki na Uganda zilizotiwa herufi G.E.A. Vita vya pili vilileta mchanganyiko mkubwa zaidi. Waitalia walipoitwaa Moyale, Julai 1940, barabara za kaskazini zipitazo Isiolo zikawa njia za majeshi. Walikuja Waafrika Kusini, ambao mihuri yao ilikuwa ya lugha mbili, Kiingereza na Kiafrikana. Walikuja Wanaijeria na watu wa Gold Coast. Na walikuwapo Keya, jina ambalo Kiswahili kililiunda kutokana na herufi K.A.R. Mega ilitekwa Februari 1941, Addis Ababa Aprili.

Hapo ndipo swali la lugha linapozuka. Kwa Mborana wa Kinna, Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, bali ya serikali, soko na kambi. Askari asiyejua kuandika alimtamkia mwenzake. Mwandishi akaandika kwa Kiswahili alichokijua yeye. Mkaguzi wa jeshi akasoma na pengine kufuta. Na huko nyumbani msomaji akalazimika kuifasiri barua kwa Kiborana. Basi Kiswahili hicho ni cha nani? Upungufu wa upatanisho wa ngeli, ambao ni alama mashuhuri ya Kikeya, huenda ukawa wa mwandishi wala si wa mwenye barua. Hata salamu ndefu na ukimya juu ya mapigano huenda vilielekezwa kwa mkaguzi kuliko kwa jamaa. Mtafiti anayeihesabu barua ya namna hiyo kuwa usemi wa mtu mmoja anajidanganya.

Kwa sababu hiyo bahasha ni ya lazima: ndiyo itoayo tarehe, posta na alama ya ukaguzi. Lakini biashara ya stempu huithamini bahasha, na barua, hasa isiyosomeka kwa mnunuzi wa Ulaya, huweza kutengwa nayo. Zikishatengana, bahasha haina usemi na barua haina tarehe wala kikosi.

Hasara ya nyumbani nayo ni nzito. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, wakazi wengi wa Isiolo walilazimishwa kuhamia vijiji vilivyolindwa, Garba Tulla kikiwa kimojawapo, na mifugo mingi ikapotea. Ni vigumu kudhani kwamba karatasi zilisalimika zaidi ya ng'ombe. Zilizosalia, ziwe sandukuni Kinna au katika albamu za ughaibuni, zapasa kunakiliwa pamoja: barua nzima, na pande zote mbili za bahasha yake.