Uraibu, sehemu ya 6: Ulianza kama utani

Mama, mwaka 1995 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Ivan Goldberg, aliandika kwa utani tu kwamba kuna ugonjwa wa uraibu wa intaneti. Watu wakamjibu kuwa wanao kweli!

Kamari ilikuwa imeshaingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili Marekani tangu 1980, ila kuwekwa kundi moja na pombe na dawa za kulevya ni 2013. WHO ikapitisha uraibu wa michezo ya video 2019. Lakini kwa kawaida wanaangalia miezi 12, shule na familia vikiwa vimeathirika kabisa. Mwanao kulilia simu jioni moja siyo ugonjwa. Akiacha shule na marafiki kwa ajili ya gemu, mlete tumwone, usimchape.