Umbo la Mwili, Nguvu na Tabia: Historia ya Vipimo Kaskazini ya Msumbiji

Imani kwamba umbo la mwili huonyesha nguvu na tabia ya mtu ni ya kale. Tiba ya Kiyunani, iliyofika pwani ya Waswahili kwa njia ya elimu ya Kiislamu, ilifundisha kwamba kila mwili una kadiri yake ya hari, baridi, yabisi na rutuba. Ikizidi moja, mtu huugua au hubadilika mwenendo. Mganga alimtazama mtu mmoja mmoja, tena alijua kwamba chakula na umri hugeuza hali yake.

Ukoloni uliutazama mwili kwa jicho la mwajiri. Kwa mfano kaskazini ya Msumbiji, eneo la Mute, katika wilaya ya leo ya Palma, lilikuwa ndani ya himaya ya Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati na Ureno mwaka 1891 na kudumu hadi 1929. Kampuni ilitoza kodi ya nyumba, ikawatumikisha watu kwa nguvu, na kutoa vibarua kwa migodi ya dhahabu ya Transvaal. Huko wachimbaji waliotoka nchi za joto walikufa kwa wingi kwa nimonia, hata mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ikakataza kuwaajiri watu wa kaskazini ya latitudo 22 kusini. Ilidaiwa kwamba miili yao haikuweza kustahimili baridi. Daktari Mmarekani William Gorgas, aliyefika migodini mwishoni mwa mwaka huohuo, aliona msongamano wa mabweni, akashauri kila mtu apewe nafasi kubwa zaidi ya kulala.

Wakati huo majeshi ya Ulaya yalikuwa na hesabu ya Mfaransa Pignet, ya mwaka 1901: kimo kwa sentimita, kutoa jumla ya uzito kwa kilo na mzunguko wa kifua kwa sentimita. Jibu likiwa dogo, mtu ni imara. Likizidi 25, ni dhaifu. Mwanamume wa sentimita 170, kilo 65 na kifua cha 90 hupata 15. Mkimbiaji wa mbio ndefu wa kimo hichohicho, mwenye kilo 54 na kifua cha 86, hupata 30, na hesabu humwita dhaifu! Kipimo cha namna hiyo hakijui kazi inayofanywa na mwili.

Kati ya 1936 na 1956 Santos Júnior, mwanaanthropolojia wa Porto, aliongoza ujumbe wa Kireno uliopima miili ya Waafrika sehemu mbalimbali za Msumbiji, huku dola ikitaka kujua nani anafaa kwa kazi gani. Waliopimwa hawakuwa na nafasi ya kukataa.

Kwingineko, Mjerumani Kretschmer mwaka 1921 na Mmarekani Sheldon mwaka 1940 waligawa maumbo matatu: manene, yenye misuli na membamba. Sheldon alidai kwamba wanene ni wachangamfu, wenye misuli ni jasiri, na wembamba ni wa kujitenga. Udhaifu wake ni mkubwa: yeye mwenyewe ndiye aliyepima umbo na kuhukumu tabia.

Lililobaki na uzito ni upande wa michezo. Mtafiti Tanner alipima wanariadha 137 wa Olimpiki ya Roma ya 1960, akakuta umbo likitofautiana kwa mchezo: warusha tufe wazito, wakimbiaji wa masafa wepesi. Mwaka 1967 watafiti Heath na Carter walirekebisha mizani ya Sheldon, wakaacha tabia kabisa na kukubali kwamba umbo hubadilika. Maputo nako, mtafiti António Prista na wenzake walipima wanafunzi mwaka 1992, 1999 na 2012, wakafuatilia jinsi miili na uwezo wa watoto wa mji mmoja vinavyobadilika kadiri maisha yanavyobadilika.