Ukucha Uliowekwa Kinyume

Mimi nauza mivumba kati ya Koboko na Lobule. Kwenye robota tunazofuata Arua, chini ya nguo za watoto, hutoka midoli ya mashujaa: Batman bila mkono, Spider-Man mwenye jicho moja kubwa kuliko jingine. Wateja huuliza, "Mama, hii ni feki?" Si lazima. Hata kiwanda chenyewe hukosea, na makosa hayo yana historia yake.

Tuanze mwaka 1964. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, askari wa plastiki mwenye urefu wa kama sentimita 30. Hawakumwita mdoli, maana waliona wavulana watamkataa. Katika mkono wake wa kulia, ukucha wa kidole gumba ulikaa upande wa ndani. Kalibu ilikosewa. Lakini Hasbro hawakuliondoa kosa, waliligeuza kuwa alama yao: mwizi akimwiga askari huyo atanakili na ukucha, basi atakamatwa.

Mwaka 1972 kampuni ya Mego ikaleta Batman na Superman wadogo, wenye nguo za kitambaa. Watoto waliowachezea leo ni watu wazima wenye pesa, na wananunua tena utoto wao. Kwao kosa linaweza kupandisha bei: rangi isiyo yake, miguu miwili yote ya kushoto. Ila sharti boksi liwe halijafunguliwa, ijulikane kwamba kosa lilitoka kiwandani, si mtoto aliyeharibu. Yaani kosa lenye ushahidi ni mali, lisilo na ushahidi ni takataka. Sisi tunaotembea na karatasi ya familia mfukoni hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Sasa kuna makosa ya aina nyingine. Agosti 2007 kampuni ya Mattel iliita sokoni midoli ya sumaku kama milioni 18 duniani kote, na Batman alikuwamo. Sumaku zake ndogo ziliweza kuchomoka. Mtoto akimeza mbili, zinavutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo. Siku hizohizo waliita pia magari ya kuchezea yaliyotengenezwa China, kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi, yanayoharibu ubongo wa mtoto polepole.

Wazazi wa kule walitangaziwa na kuambiwa warudishe. Lakini tangazo halisafiri pamoja na mdoli. Mdoli unaingia kwenye mfuko wa msaada au kwenye robota, unapanda meli hadi Mombasa, unapita Kampala, unafika Arua. Boksi lilishatupwa. Mwaka wake haujulikani. Risasi haionekani kwa macho, na hapa kwetu midoli inaishia mdomoni mwa mtoto wa mwaka mmoja.

Sisemi kila mdoli ni sumu. Wala sisemi watoto wabaki na magari ya waya na watu wa udongo tu, ingawa yale ukivunja unafinyanga mengine. Nasema tuangalie. Rangi ikibanduka kwa kucha, usimpe mdogo. Plastiki ikinata mkononi kama ina jasho, imezeeka, inatoa kile kilichoilainisha. Sumaku ikilegea, toa, tupa chooni, si jalalani ambako watoto wanachimbua.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotuletea maboksi ya zawadi, asanteni, watoto wanafurahi kweli. Lakini kabla hamjafunga boksi huko mtokako, someni jina la kampuni na mwaka chini ya unyayo wa mdoli, kisha tafuteni kama uliwahi kuitwa sokoni. Nyinyi mna intaneti ya kutosha. Sisi tukifungua boksi, mtoto ameshaudaka.