Ligi ya Sauzi: makombe, kufuli na msiba wa Ellis Park

Niko Malvern, hapa Johannesburg. Wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye simu, "Eti Chiefs na Pirates ni kama Simba na Yanga?" Jibu ni ndiyo, ila ligi ya huku ina historia nzito. Bora niandike mara moja, maana vocha za simu zinaisha!

Sisi ligi yetu ya taifa ilianza 1965, bingwa wa kwanza akawa Sunderland, ambao toka 1971 ndio Simba. Mwaka huohuo Sauzi haikuwa na bingwa mmoja wa nchi. Kulikuwa na NFL, ligi ya wazungu watupu, iliyoanza 1959. Pembeni ilikuwepo SASL ya 1961, iliyopokea watu wa rangi zote. Hiyo ya pili ilinyongwa kwa kunyimwa viwanja. Mwaka 1963, hapahapa Johannesburg, kiwanja cha Natalspruit kilipigwa kufuli na magoli yakang'olewa. Mnadhani watu walirudi makwao? Maelfu waliruka uzio, wakasimika magoli, na Moroka Swallows wakacheza na Blackpool United! Lakini kufikia 1966 ligi ile ilikuwa imekufa.

Mwaka 1971 ikaanza NPSL, ligi ya weusi, na bingwa wake wa kwanza akawa Orlando Pirates. Kaizer Chiefs, walioanzishwa 1970 na Kaizer Motaung aliyekuwa akicheza Atlanta kule Marekani, wakabeba kombe 1974. FIFA ikaifukuza Sauzi 1976. Mwaka 1977 Arcadia Shepherds wa Pretoria wakamchezesha Vincent Julius, mchezaji mweusi, kwenye ligi ya wazungu. Msimu huo ndio ukawa wa mwisho wa NFL, na 1978 timu zake kadhaa zikahamia ligi ya weusi. Yaani mpira ulichanganyika miaka 16 kabla ya uchaguzi wa 1994. FIFA iliwarudisha 1992.

PSL ya sasa ilianza 1996, na bingwa wa kwanza hakuwa Chiefs wala Pirates, bali Manning Rangers wa Durban. Siku hizi mnawajua Sundowns, waliochukua ubingwa mfululizo toka 2018 hadi 2025.

Sasa nije kwenye msimu wa 2000/01. Vitabu vinasema bingwa ni Pirates. Lakini ukishika barabara ya Jules hapa Malvern kuelekea mjini, si mbali utafika Ellis Park. Tarehe 11 Aprili 2001 Chiefs na Pirates walikutana pale. Uwanja ulikwishajaa na watu bado wanasukumana kuingia. Mechi ikasimamishwa kipindi cha kwanza, na watu 43 wakafa. Tena haikuwa mara ya kwanza: Januari 1991, kwenye mechi ya timu hizohizo kule Orkney, walikufa 42.

Hapa naongea kama nesi. Watu husema "walikanyagwa", lakini kwenye msongamano wengi hufa kwa kukosa hewa, wengine wakiwa wamesimama. Kifua kikibanwa mbele na nyuma hakipanuki, na dakika chache tu zinatosha. Anayesukuma nyuma hamuoni anayekufa mbele, yeye anadhani foleni imegoma tu. Ndiyo maana geti ni muhimu kuliko hata gari la wagonjwa.

Kwa hiyo ndugu zangu, hasa nyie vijana wa familia msiokosa mechi ya Simba na Yanga: nendeni mapema, na mkikuta geti limejaa, rudini mkaangalie kwenye TV. Mkibanwa, wekeni mikono mbele ya kifua mpate nafasi ya kupumua, na asiinamiwe kiatu wala simu iliyodondoka. Kombe litagombewa tena msimu ujao. Wale 43 walitoka kwao wakiaga kwamba wanakwenda mpirani.

Wasalimieni wote nyumbani. Wa Yanga na wa Simba pia!