Sifa na Deheni: Usafi wa Chombo katika Historia ya Pwani ya Waswahili



Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni chini tumboni mwake, mahali ambapo maji yanayovuja hukusanyika. Kwa kawaida methali hii humwonya mtu anayetangatanga kwamba mwisho wake atarudi alikotoka. Leo ninaomba tuichukue kwa maana yake ya asili, ile ya chomboni. Historia ya ubaharia wetu imeandikwa sana kwa tezi na omo: pepo za msimu, matanga, bidhaa, manahodha na masultani. Ngamani hatujarejea vya kutosha.

Katika mhadhara huu ninakusudia kuizungumzia kazi ambayo wanahistoria wameitaja kwa kupita tu, nayo ni kazi ya kukisafisha chombo, kukikwangua na kukipaka mafuta. Hoja yangu ni moja. Kazi hii haikuwa mapambo wala nyongeza. Ilikuwa sharti la biashara yote ya Bahari ya Hindi, na elimu yake imehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili kuliko ilivyohifadhiwa katika maandishi yoyote. Msamiati huo ukipotea, tutapoteza pia ushahidi wa kihistoria.

1. Adui wa mbao

Mtu asiyeijua bahari hudhani kwamba hatari ya chombo ni dhoruba. Dhoruba huvunja vyombo vichache. Vingi huliwa polepole. Katika maji ya joto kama yetu, ubao uliozama huota utando wa ukoga katika muda wa siku chache, kisha mwani, kisha viumbe wadogo wenye magamba magumu wanaogandama. Chombo kilichoota hivyo huwa kizito na kivivu. Nahodha anayetakiwa kuondoka na kusi kabla bahari haijachafuka hawezi kustahimili uvivu huo.

Mbaya zaidi ni yule anayetoboa mbao, ambaye wataalamu humwita Teredo. Ingawa umbo lake ni la mnyoo, yeye ni jamaa wa chaza na kombe. Huingia ubaoni akiwa mdogo mno kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua humo ndani akichimba. Ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje ilhali ndani umekuwa kama sega la nyuki. Kwa hiyo swali la baharia halikuwa namna ya kumtoa mdudu huyu bali namna ya kumzuia asiingie. Jibu lake lilikuwa kuufunika ubao.

Hapo ndipo maneno mawili ya anwani yetu yanapoingia. Sifa ni mafuta ya papa, yanayotokana hasa na ini lake, nayo hupakwa sehemu ya chombo iliyo juu ya maji. Deheni ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, nao hupakwa sehemu inayozama. Kila moja ina mpaka wake, na mpaka huo ni mstari wa maji. Juu adui ni jua na chumvi, ambavyo huukausha ubao hadi ukapasuka; mafuta huulainisha. Chini adui ni mdudu na mwani, deheni huufunika. Elimu ya kemia inatueleza kwamba chokaa ikichanganyika na mafuta huzaa aina ya sabuni isiyoyeyuka majini. Mafundi wetu hawakuhitaji maelezo hayo ili waujue ukweli wake.

Neno deheni lina asili ya Kiarabu, kutokana na duhn, yaani mafuta. Vivyo hivyo kalafati, kazi ya kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyochovywa katika mafuta, ina ndugu zake kuanzia Bahari ya Mediterania hadi Ghuba. Tusikimbilie kusema kwamba kwa kuwa maneno yalikuja, elimu nayo ilikuja tayari imekamilika. Chokaa ilichomwa hapa kwa matumbawe yetu. Papa alivuliwa hapa, mafuta ya mnyama yalitoka kwa mifugo, na makuti yakatoka katika minazi ya hapa. Tabaka moja jembamba juu ya mbao liliwaunganisha mvuvi, mchoma chokaa, mfugaji na mkulima.

2. Mashahidi wawili

Vyombo vya kale vya pwani hii havikupigwa misumari. Vilishonwa kwa kamba. Kitabu cha Kigiriki cha safari za Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinautaja mji wa Rhapta na kusema kwamba jina lake limetokana na mashua zake za kushonwa. Mtepe wa Lamu na visiwa jirani, uliodumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa wa ukoo huo.

Kuhusu upakaji mafuta wa vyombo vya kushonwa tunao mashahidi wawili wa zamani, na ushahidi wao unapaswa kusomwa kwa pamoja. Wa kwanza ni Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, aliyefika bandari ya Aidhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183. Anaeleza kwamba vyombo vya huko vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha vikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na kwamba haya ya mwisho ndiyo bora. Anatoa na sababu: mafuta huufanya ubao uwe laini na wenye kunyumbuka, kwa kuwa bahari ile imejaa miamba.

Wa pili ni Marco Polo, aliyepita Hormuz katika karne ya 13. Naye aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi na kupakwa mafuta ya samaki. Hukumu yake ilikuwa kwamba vyombo hivyo ni vibaya na vya hatari, kwa sababu havina misumari ya chuma wala havikupakwa lami.

Wote wawili waliona mafuta yale yale. Mmoja aliyaona kuwa dalili ya upungufu. Mwingine aliuliza sababu, akapata jibu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anakubaliana na Ibn Jubayr kuhusu mshono: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, cha kamba hustahimili. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa baadaye kuhusu vyombo vyetu ilifuata macho ya Marco Polo. Harufu ya sifa ilitajwa kama uchafu, ilhali sifa ndiyo iliyokuwa usafi wenyewe.

3. Bamvua, magadi na moto

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Chombo hakiwezi kupakwa deheni kikiwa kinaelea, na bandari zetu za kale hazikuwa na gudi la kukipandisha. Gudi lilikuwa mwezi. Mwezi uandamapo na mwezi upevukapo huja bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Tofauti ya kina katika sehemu nyingi za pwani yetu hupita mita 3. Katika maji mafu, bahari haishuki kiasi cha kutosha. Kwa hiyo nahodha alikisogeza chombo ufukweni maji yakiwa yamejaa, akakipweleza, na maji yalipokuwa yakitoka mabaharia wakakitia magadi, yaani miti ya kukiegemeza pande zote mbili kisilale.

Unguja na maeneo ya jirani, siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi. Mabaharia walikuwa na saa chache za mwanga. Walikwangua mwani na magamba, wakayapitisha makuti yanayowaka chini ya mkuku na mbavuni ili joto liukaushe ubao na kuwaua wadudu walio karibu na uso, wakakalafati palipolegea, kisha wakapaka deheni kwa mikono. Maji yaliporudi, kazi ilipaswa iwe imekwisha, au isubiri kupwa kwa pili.

Haya yanatulazimu kuisoma upya ratiba ya biashara. Tumezoea kuandika kwamba vyombo vya Ghuba na Arabuni viliingia na kaskazi, vikasubiri, kisha vikarudi na kusi. Neno hilo, vikasubiri, linaficha kazi nyingi. Miezi ya bandarini ilikuwa miezi ya kukwangua, kukalafati na kupaka, nayo iliajiri watu, ikanunua chokaa na mafuta, ikawaweka wageni ufukweni kwa muda mrefu wa kutosha kuoa, kukopa na kujifunza lugha. Wanahistoria wanapouliza Kiswahili kilikuaje baina ya mabaharia wa mataifa mengi, wasiusahau ufuko wa bamvua.

4. Doa kama ushahidi

Misumari ya chuma iliposhika nafasi ya kamba, madoa mapya yalionekana. Chuma kikigusa mti wenye utomvu mkali, kama msaji, katika unyevu wa chumvi, huacha doa jeusi linaloenea kandokando ya msumari. Ubao hapo hulainika na msumari hulegea. Doa jeupe ni la chumvi: tone la maji ya bahari hukauka juani na kuacha chembe zake. Doa la kuvu hutokana na maji ya mvua yaliyotuama, kwani maji matamu huozesha ubao ambao maji ya chumvi yangeuhifadhi. Kwa mashua ya mbao, mvua inayoachwa ngamani ni adui.

Kwa boti za siku hizi za plastiki na nyuzi za kioo, mambo yamegeuka. Hizo huoshwa kwa maji matamu mara tu baada ya safari na kufutwa kwa kitambaa kikavu kabla jua halijaigandisha chumvi. Doa sugu la madini hulainishwa kwa siki iliyozimuliwa, kisha uso ukapakwa nta. Kanuni ni ile ile ya sifa: usiliache jua likutane na chumvi juu ya uso mtupu.

5. Mataifa makubwa na tatizo lile lile

Isidhaniwe kwamba tatizo hili lilikuwa la maskini peke yao. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli ya Alarm kwa mabati ya shaba ili kumzuia mtoboa mbao. Shaba ilifanikiwa, lakini ikabainika kwamba mahali ilipogusana na misumari ya chuma, chuma kililika. Meli ya Sultana, aliyoituma Sayyid Said kutoka Unguja na kufika New York mwaka 1840 chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ilifika imechakaa, na ilitengenezwa huko katika karakana ya jeshi la majini la Marekani kabla ya kurudi.

Katika karne ya 20 zilikuja rangi zenye sumu ya bati. Zilikuwa na nguvu mno. Ufaransa ilizizuia kwa mashua ndogo mwaka 1982 baada ya chaza wa ghuba ya Arcachon kudhurika, na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 ulianza kutumika mwaka 2008 ili kuzipiga marufuku. Hata hivyo, tusilitumie jambo hili kuisifu deheni kupita kiasi. Sifa ilidai ini la papa, na tathmini ya kimataifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina za papa na taa ziko hatarini kutoweka. Kurudi tulikotoka si dawa.

6. Hitimisho

Kinachowezekana, na kinachotupasa, ni kuihifadhi elimu. Mtepe uliojengwa upya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, ulituonyesha umbo la chombo cha kushonwa. Lakini umbo si kazi, na majumba nayo hayadumu, kwani sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi walishusha majini jahazi la plastiki iliyookotwa, wakitumia ujuzi wa mbao kwa kitu kipya. Hii ni dalili kwamba ujuzi haujafa. Lakini chombo cha plastiki hakina haja ya deheni, na neno lisilo na kazi halikai mdomoni muda mrefu.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wetu wa isimu na wa historia waende pamoja Matondoni, Nungwi, Chole na Kilwa, waende siku za bamvua, washike makwangulio, na waandike kila neno kwa kazi yake, si kwa orodha. Kamusi zetu zinatuambia deheni ni nini. Hazituambii chokaa ni kiasi gani kwa mafuta kiasi gani, wala fundi anajuaje kwamba imeiva. Pili, tuandikapo historia ya bandari, tuwape nafasi wale waliokuwa wakikwangua, maana nahodha hakufika popote bila wao.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wazee wetu waliziba ufa kila mwezi ulipoandama, na kwa hiyo bahari ikawa njia. Wengi wa wanaoijua kazi hiyo leo ni wazee, na bamvua huja mara mbili tu kwa mwezi.