Asili na Misingi ya Elimu ya Maandishi ya Siri

Tawala zote zilizopata kupeleka barua mbali zilijifunza kuzificha, na kila umma ulikuwa na hila zake. Lakini hila, hata ikiwa ya ajabu namna gani, hubaki kuwa ufundi tu maadamu mwenye kuitumia hawezi kueleza kwa nini inamfaa na ni lini itamsaliti. Elimu ya maandishi ya siri ilianza pale watu walipoacha kujivunia mafumbo yao wakauliza ni kwa kanuni gani fumbo hufumbuliwa. Na kwa kadiri maandiko yaliyosalia yanavyotuonyesha, waliolichunguza swali hilo kwanza ni wanazuoni wa Kiarabu wa zama za Bani Abbas, watu wa lugha na hikima.

Wa awali wao ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya Oman, aliyefanya maskani yake Basra na kufariki yapata mwaka 786, ambaye jina lake si geni kwa yeyote wa pwani yetu aliyedurusu arudhi ya Kiarabu, kwani ndiye aliyeiasisi elimu hiyo, na ndiye aliyeanza kuitungia lugha ile kamusi. Alitunga pia kitabu juu ya mafumbo, nacho kimepotea. Lakini inasimuliwa kwamba aliletewa barua ya Kiyunani iliyofumbwa, akaifumbua kwa kukisia kwamba mwandishi wake hakukosa kuanza kwa kumtaja Mungu, na kwa herufi hizo chache akazipata nyingine zote.

Baada yake akatokea Abu Yusuf Yaakub bin Is-haq al-Kindi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9 na kuwatumikia makhalifa al-Mamun na al-Mu'tasim, akalakabiwa mwanafalsafa wa Waarabu. Katika mji huo karatasi ilikuwa imeenea, vitabu vya Kiyunani vilikuwa vikifasiriwa, makatibu wa diwani walikuwa wengi, na wasomi wa Kurani walikuwa wamezoea kuzichungua herufi moja moja. Al-Kindi aliyakusanya hayo yote katika risala fupi juu ya kufumbua mafumbo. Alisema kwamba kila lugha ina herufi zinazokithiri na zinazoadimika. Basi mtu na atwae maandishi ya wazi ya lugha hiyo, marefu ya kutosha, ahesabu kila herufi imekuja mara ngapi, kisha ahesabu vivyo hivyo alama za barua iliyofumbwa, na alinganishe ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Hata kwetu jambo hili ni dhahiri: akibadilisha mtu kila herufi ya barua ndefu ya Kiswahili kwa alama nyingine, alama itakayokithiri kuliko zote aghalabu itakuwa ile ya *a*, na siri yake itaanza kufichuka kabla jua halijachwa. Nakala ya risala hiyo ilihifadhiwa katika maktaba ya Süleymaniye mjini Istanbul, na wanazuoni wa Damascus wakaichapa katika miaka ya 1980.

Karne nyingi zikapita, wafumbaji wakizidisha hila na wafumbuaji wakizivunja, hata mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa Paris, akaandika kwamba namna ya kufumba haifai kutegemea kufichwa kwake; adui na aijue yote, mradi asiujue ufunguo. Mwaka 1949 Claude Shannon wa Marekani akathibitisha kwa hisabati kwamba liko fumbo lisilovunjika hata adui akipewa umri wa dunia, lakini kwa gharama: ufunguo wake usiwe na mpangilio wowote, usipungue barua yenyewe kwa urefu, wala usitumike mara ya pili. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wakaonyesha jinsi watu wawili wasiopata kukutana wanavyoweza kupatana ufunguo wa siri, ilhali adui anasikia kila neno lao.

Lakini siri yenyewe ni nini? Jibu lililoijengea elimu hii msingi wake wa leo lilitolewa mwaka 1982 na Shafi Goldwasser na Silvio Micali, waliokuwa wanafunzi huko Berkeley, California. Walisema kwamba barua haihesabiwi kuwa imefichika mpaka adui mwenye nguvu za kawaida, akiisha kuiona, asizidishe hata chembe ya maarifa juu ya yaliyomo. Kisha wakaunda fumbo la namna hiyo, wakaleta burhani kwamba atakayelivunja atakuwa ametatua pia swali la namba ambalo wataalamu hawajapata njia nyepesi ya kulitatua tangu Carl Friedrich Gauss alipolidurusu katika kitabu chake cha mwaka 1801. Kwa kazi yao walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2012.

Burhani hiyo ina sharti, nayo hutajwa waziwazi: hakuna aliyethibitisha kwamba swali lile ni gumu kweli, wataalamu wanadhani hivyo kwa kuwa wengi wamejaribu wakashindwa. Mimi naona utukufu wa elimu hii umo katika kukiri huko, kwani watu wasioonana siku hizi huaminiana mali zao kwa mafumbo ya namna hii, nao wana haki ya kujua amana yao imewekwa juu ya nini. Atakayetuletea fumbo na kutuapia kwamba halivunjiki, tusimuulize yeye ni hodari kiasi gani. Tumuulize fumbo lake limesimama juu ya dhana ipi, na ni nani wamekwisha kujaribu kuiangusha.